Kwanza, Nne, Tano

Nashikilia kwamba mwanafunzi wa gitaa afundishwe nafasi za kodi kabla ya majina yake. (Kodi hizi si za serikali, ndivyo wapigaji wetu walivyolitohoa neno, nami naliridhia.) Wengi hukariri C, F na G kama mtoto akaririye beti asizojua mizani zake. Mwimbaji akilemewa na sauti ya juu, akaomba wimbo ushushwe, vidole huganda.

Katika ufunguo wa C meja, kodi ya kwanza hujengwa kwa do, mi, so. Ya nne kwa fa, la, do. Ya tano kwa so, ti, re. Sauti zote saba zimo humo, ndiyo maana nyimbo nyingi mno hazihitaji zaidi. Hamia ufunguo wa G: ya kwanza ni G, ya nne C, ya tano D. Herufi zimebadilika, wimbo ni uleule. Ya pili, ya tatu na ya sita ni za maina, zenye majonzi kidogo.

Ya tano ndiyo inishughulishayo. Ndani yake mna ti, iliyo nusu toni tu chini ya do, nayo haitulii mpaka ifike huko. Hata asiyejua gitaa huungoja mrejeo huo, kama msikilizaji wa utenzi angojavyo kina cha bahari katika kipande cha nne. Enyi washairi mnaoimbiwa tungo zenu, mwulizeni mpigaji ni kodi ya ngapi aiwekayo chini ya kituo. Akiishia kwenye ya tano, ubeti hubaki umening'inia, hata kama vina vimetimia.