Ngao ukutani, nesi mlangoni

Na Saumu Kihiyo

Kila Mei Mosi, katika hospitali nyingi, nesi mmoja huitwa mbele kuwa mfanyakazi bora. Hupewa cheti na bahasha, akapigwa picha na mkuu wa wilaya. Kesho yake yuko wodini, zamu ya usiku, peke yake. Simlaumu anayekipokea cheti kile kwa mikono miwili. Ninaowauliza ni wanaokitoa: mnadhani kitambakiza?

Wamarekani waliwahi kulichimba swali hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hospitali zao nyingi zilikuwa zikikimbiwa na wauguzi, ila si zote. Wataalamu wa American Academy of Nursing wakazitafuta zile zisizokimbiwa, wakaziorodhesha 41, na mwaka 1983 wakachapisha waliyoyakuta. Zikaitwa hospitali za sumaku. Manesi waliohojiwa hawakuzungumzia ngao. Walimtaja mkuu wa wauguzi ambaye neno lake lina uzito kwenye menejimenti, zamu yenye watu wa kutosha, na daktari anayegeuka kusikiliza nesi akimwambia kwamba mgonjwa wa kitanda cha tatu habari yake si nzuri.

Tuzo ilikuja baadaye. Hospitali ya kwanza kupewa hadhi ya Magnet, yaani sumaku, mwaka 1994, ni ya Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Siku hizi kuiomba ni kazi ya miaka na gharama kubwa, na ikipatikana hubandikwa kwenye matangazo. Chama cha National Nurses United kinasema hadhi hiyo ni biashara ya kuipamba hospitali kuliko kumsaidia nesi. Nawaelewa, ingawa siendi nao hadi mwisho.

Siendi nao kwa sababu takwimu zipo. Utafiti wa mwaka 2011 wa mtafiti Linda Aiken na wenzake, katika majimbo manne ya Marekani, uliona kuwa uwezekano wa nesi kutoridhika na kazi ulikuwa pungufu kwa asilimia 18 katika hospitali zenye hadhi hiyo, na wa kuchoka kupita kiasi kwa asilimia 13. Mwaka mmoja kabla, watafiti wengine walikuwa wamekuta saa za kazi hazitofautiani. Tena, hospitali inayothubutu kuomba mara nyingi ni ile iliyokuwa ikiwatendea wauguzi wake vizuri tangu zamani. Kwa hiyo ngao peke yake haina miujiza. Faida, kwa maoni yangu, iko kwenye masharti: kabla ya kupewa hadhi hiyo, na kila baada ya miaka minne ya kuihuisha, mwenye hospitali hubanwa aonyeshe kuwa wauguzi wana sauti katika maamuzi.

Nasi tuna nyota zetu, wanazopewa vituo vya afya kwa ubora wa huduma. Katika upimaji wa 2015/16, kama theluthi moja ya vituo vya afya ya msingi Tanzania viliambulia sifuri. Upimaji wa 2017/18 ulipofanyika, vya sifuri vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 4 hivi. Ni hatua kubwa, na asiyeipongeza ana lake jambo.

Lakini nyota ni ya kituo. Katika zahanati yenye nesi mmoja, anayezalisha, anayechanja na anayejaza vitabu vya takwimu vya MTUHA hadi usiku ni yeye yule, na wakaguzi wakikaribia ndiye anayepanga mafaili na kusimamia usafi. Nyota ikipanda, mganga mfawidhi anapongezwa kikaoni, naye nesi anabaki na vitabu vyake. Wala haachi kazi, maana ajira ya serikali haiachwi kirahisi. Anaomba uhamisho. Sababu huandikwa "kumfuata mwenza", na wenza wote, kwa bahati ya ajabu, wanaishi mjini.

Kwenye maombi hayo ya uhamisho ndiko ningependa nyota zielekee. Kituo kipewe alama kwa kujua kwa nini watu wake wanaomba kuondoka, na kwa alichokifanya mkubwa wao kuhusu lililo ndani ya uwezo wake: ratiba ya zamu, likizo, nyumba ya mtumishi inayovuja. Mshahara na ajira mpya ni vya Dodoma, hivyo tusimsukumie. Barua za uhamisho hupitia mezani kwake, na nakala zimo kwenye mafaili. Wakaguzi wakija tena waombe kuziona kwanza, kabla hawajapelekwa kukagua choo.