Msafiri wa "Peke Yake"

Pana neno ambalo wachapaji wa vitabu vya safari hulipenda kuliko mengine yote, nalo ni "peke yake". Mtu akivuka bara zima kwa baisikeli, akapita majangwa na milima ya theluji, akarudi kwao na kitabu mkononi, haitoshi kusemwa kuwa amesafiri. Sharti isemwe kuwa alisafiri peke yake. Neno hilo ni la uwongo, na uwongo huo una wadai wengi.

Atazamwe kwanza Thomas Stevens, Mwingereza aliyehamia Marekani. Alianza safari karibu na San Francisco mwezi wa Aprili 1884, juu ya baisikeli ya kale yenye gurudumu la mbele la inchi 50, akafika Yokohama mwezi wa Desemba 1886. Husifiwa kuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baisikeli, wala hapana haja ya kumnyang'anya sifa hiyo. Lakini Afghanistan alikamatwa akarudishwa Uajemi chini ya ulinzi. Bahari alizivuka kwa meli. Na huko Uchina, umati ulipomrushia mawe, maofisa wa mji ndio waliomwokoa. Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma Afrika Mashariki kutafuta habari za Stanley, akaingia bara na wapagazi. Safari hii ya pili haikuitwa ya peke yake. Kwa nini? Kwa sababu mpagazi hulipwa, na anayelipwa huandikwa katika daftari. Aliyetoa mkate na malazi bure hana daftari la kuandikwa, basi huhesabiwa kuwa hakuwapo.

Dervla Murphy wa Ireland ni shahidi bora zaidi, maana hakuficha kitu. Aliondoka mwezi wa Januari 1963, katika baridi iliyoitesa Ulaya nzima, akafika Delhi mwezi wa Julai. Kitabu chake, Full Tilt, kilitoka mwaka 1965. Ndani yake mna vibanda vya chai alimolala, nyumba alimokaribishwa na watu asiojua lugha yao, na malori na mabasi aliyopanda barabara ilipomshinda. Mwandishi amelipa deni lake kwa kusema kweli. Wasomaji ndio wasiolipa: hula kitabu kizima cha ukarimu, kisha hushiba ushujaa wa mtu mmoja.

Waswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu. Msafiri wa baisikeli methali hiyo haimpati, kwa kuwa alfajiri ya siku ya pili amekwisha kaza mizigo na kuondoka. Hula kila usiku chakula cha mgeni wa kwanza, wala halimi popote. Si kosa kuondoka mapema, ila ni utovu wa adabu kukaa miezi mingi katika hali hiyo, kisha kukubali kuitwa mtu asiyemtegemea mtu.

Watetezi wa neno hili husema kwamba maana yake ni kukosa mwenzi njiani tu. Kama ndiyo maana, Kiswahili kina maneno yake: na isemwe alisafiri bila mwenzi. Husema pia kwamba upweke wa jangwani ni mzito, na upepo wa mbele hauna wa kusaidiana naye. Hayo ni kweli tupu. Lakini upweke ni hali ya moyo, nao hauthibitishi kwamba maji ya kibuyuni yalichotwa bila kisima cha mtu.

Wapo wanaoijua baisikeli ya safari ndefu kuliko wote hawa, na neno hilo hawalitumii. Katika miaka ya vita vya Kongo, 1998 hadi 2003, magari yalipotoweka katika njia nyingi, watu walisukuma baisikeli siku baada ya siku kupitia misitu kuelekea Kisangani, na katika Kasai kazi hiyo imeendelea baada ya vita. Baisikeli hupakiwa madumu ya mafuta ya mawese hata siti isionekane. Mwenyewe hutembea kando, ameshika usukani kwa mkono mmoja. Penye mlima mkali hungoja wenzake. Wawili hushika baisikeli moja, wakaifikisha juu, wakashuka kuifuata ya pili. Hakuna mchapaji anayemngoja huyu mwisho wa njia, na safari yake huitwa biashara. Akifika sokoni huuza mafuta, hununua chumvi na sabuni, huziba pancha, akageuza baisikeli kuelekea alikotoka.