Mteja Aambiwe Mapema

Hoteli ya Kiwengwa inayobadili kampuni ya intaneti huweza kukutwa na jambo la kushangaza. Hotelini mtandao unakwenda vyema, lakini mhasibu aliyeko Mjini hawezi tena kufungua daftari za hesabu zilizomo katika kompyuta ya huko. Mishahara huchelewa, na lawama humwangukia fundi.

Ukweli ni kwamba anwani imebadilika. Tena, akiba ya dunia ya anwani za mfumo wa zamani, zipatazo bilioni 4.3, ilikwisha mwaka 2011. Hivyo kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na anayepiga hodi kutoka nje hafiki kwa amtakaye.

Dawa ni kuomba anwani ya pekee isiyobadilika, kisha mhasibu apewe anwani hiyo mpya. Kuacha milango yote ya mtandao wazi si dawa, ni kumkaribisha mwizi.

Tunaiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania izitake kampuni zieleze jambo hili bayana, kwa Kiswahili, kabla mteja hajatia saini. Mfanyakazi asikose mshahara wake kwa sababu ya neno moja lililofichwa katika mkataba.