Dereva Akihukumiwa na Mashine, Ajitetee kwa Nani?

Mwezi uliopita, nikirejea Mbarara kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale ninakofundisha, nilipewa nafasi katika lori lililokuwa limekwisha kushusha mahindi. Kabla hatujafika mbali, kundi la ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ndefu, lilikatiza njia ghafla. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu. Papo hapo kisanduku kilichobandikwa mbele ya usukani kikalia, na taa nyekundu ikawaka. Dereva akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mwalimu, nimekwisha kuandikiwa kosa," akaniambia. "Hii mashine huona breki. Ng'ombe haiwaoni."

Nilipomdadisi, nikaelewa kwamba makosa ya namna ile hujumlishwa kila mwisho wa mwezi, na posho yake hupunguzwa kwa kadiri ya hesabu hiyo. Ni makosa mangapi hupunguza shilingi ngapi, hajui. Akiuliza ofisini, huambiwa kwamba kompyuta ndiyo imesema.

Hiyo ndiyo akili mnemba niliyokusudia kuizungumzia leo. (Wengine huiita akili bandia, wengine akili unde, ewe msomaji unayejifunza Kiswahili, yafahamu yote matatu, kwa maana utayakuta.) Akili hii si mtu wala si jini. Ni programu ya kompyuta inayopewa kumbukumbu za safari nyingi zilizopita, ikatafuta ndani yake mambo yanayojirudia, kisha ikakisia yajayo.

Sipendi kuwalaumu wenye malori bila kuwasikiliza. Uganda haina bandari ya bahari. Shehena inayoshushwa Mombasa husafiri takriban kilomita 1,400 ndipo ifike Mbarara, na nyingine huendelea hadi Rwanda na Kongo. Katika mwendo huo mafuta huibwa, matairi hupasuka, na madereva husinzia. Tangu 2017, Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikifuatilia mizigo inayopita katika nchi zao kwa mfumo mmoja wa mihuri ya kielektroniki. Mfumo huo hueleza lori liko wapi na kama kufuli yake imeguswa. Akili mnemba imekwenda mbele zaidi. Huweza kulinganisha mafuta yaliyotiwa na umbali uliokwendwa, ikatilia shaka pengo lililopo. Husikiliza joto la injini na kuonya kabla ya gari kuharibika porini. Hutazama kope za dereva ili ijue kama usingizi unamnyemelea. Tena huweza kulitafutia mzigo wa kurudi nao lori ambalo lingerudi tupu. Na katika Isingiro, wilaya yenye migomba isiyohesabika, lori lililoleta mahindi Nakivale halina sababu ya kuondoka bila matoke.

Kwetu sisi jambo hili si la wafanyabiashara peke yao. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hutumia programu iitwayo Optimus, ambayo hukokotoa chakula gani kinunuliwe wapi na kipitishwe njia ipi ili fedha zilezile zilishe watu wengi zaidi. Kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Franz Edelman mwaka 2021. Na fedha zimepungua: Mei 2025 watu wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika orodha ya msaada wa chakula kwa sababu ya upungufu huo. Anayeokoa lita moja ya mafuta njiani ameokoa kitu ambacho familia fulani ingeweza kukila. Kwa hiyo anayenitaka niikatae mashine hii moja kwa moja hatanipata.

Lakini mashine hujifunza kutokana na jana. Februari 2019 mpaka wa Gatuna baina ya Uganda na Rwanda ulifungwa, na malori yakaelekezwa Mirama Hills. Ulifunguliwa tena Januari 2022. Ugomvi wa serikali mbili haumo katika kumbukumbu za breki na mafuta. Mei 2023 maji ya mto Katonga yaliharibu njia kuu ya Kampala na Masaka, na magari ya kuja huku yakalazimika kuzungukia Sembabule. Wa kwanza kujua hali ya njia ile ya mzunguko, mahali penye utelezi na mahali pa kupishana, walikuwa madereva na utingo wao, waliokuwa wakipigiana simu usiku kucha. Hata barabara za changarawe zinazoingia Nakivale hubadilika kwa mvua moja. Programu iliyozoea lami ikimpangia dereva saa za kufika, kisha ikamwadhibu kwa kuchelewa, imemwadhibu kwa sababu ya mawingu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenye malori. Kuona ni kazi ya mashine, na kukisia pia tunaweza kuiachia. Kuhukumu ni jambo jingine, kwa kuwa anayehukumiwa ana haki ya kusema. Na hili si maoni ya mwalimu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kumtaka kwa maandishi anayetumia taarifa zake ahakikishe kwamba uamuzi wenye athari kubwa kwake hauachiwi mashine peke yake. Kulindwa huko si kwa raia tu. Ni kwa mtu ambaye taarifa zake zimekusanywa. Mkimbizi aliyeajiriwa kuwa utingo anahusika sawasawa na mwenye lori.

Ila haki isiyoeleweka haina faida, na masharti ya visanduku hivi yameandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Basi kwa nini sauti inayomkaripia dereva, ambaye kutoka Mombasa hadi Bukavu huzungumza Kiswahili, imkaripie kwa lugha nyingine?

Yule dereva aliniomba nimsaidie kuandika barua ya kudai maelezo. Niliichukua rasimu hadi darasani, nikawaachia wanafunzi waisahihishe. Walibishana kwa muda mrefu juu ya neno moja. Binti mmoja kutoka Kivu alishikilia iandikwe "naomba", maana bosi haambiwi vinginevyo. Kijana Mrundi akasema kinachodaiwa kwa sheria hakiombwi, iandikwe "nataka". Mwishowe walikubaliana juu ya "natumia haki yangu kukutaka unieleze", na mzee mmoja anayeketi nyuma akaongeza "kwa heshima" mbele yake. Dereva alitia sahihi juu ya boneti ya lori, akaikunja nakala yake, akaitia chini ya kiti, akaondoka kwenda Malaba. Jibu la ofisi bado halijafika.