Hoja za Wanaopika kwa Siri Hosteli

Hosteli nyingi za vyuo Tanzania zinakataza kupika chumbani, na wanafunzi wanapika. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, jiko la koili hutolewa uvunguni, mlango ukapigwa komeo, taulo likasokomezwa chini yake ili harufu ya dagaa isimfikie msimamizi. Simlaumu anayebana matumizi. Anayenunua mlo mgahawani mara tatu kwa siku huishiwa mapema. Ninachopinga ni maneno ambayo mwaka wa tatu huwarithisha mwaka wa kwanza kana kwamba ni ujuzi uliothibitishwa.

“Umeme ukizidi, breka itajikata.” Hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Breka hukata, lakini imewekwa kulinda nyaya zilizomo ukutani, na ya soketi mara nyingi ni ya ampia 20 au 32. Tupige hesabu. Birika la umeme la wati 2,000 na jiko la koili la wati 1,500, vyote kwenye ekstensheni moja, kwa umeme wetu wa volti 230 vinavuta ampia 15 na ushei. Soketi yenyewe imetengenezwa kwa ampia 13. Waya wa ekstensheni ya bei ya chini huenda ni wa milimita za mraba 0.75, ambao unafaa kwa ampia 6 hivi. Basi breka inatulia, kwa maana 15 haijafika 20, huku waya uliopitishwa chini ya godoro ukipata moto, plastiki yake ikilainika, na godoro likianza kuungua. Ukiishika plagi ukaikuta ya moto, au ukiona soketi imegeuka rangi ya kahawia, chomoa na usiitumie tena. Kifaa kinachopasha moto kichomekwe moja kwa moja ukutani, kimoja baada ya kingine.

Wengine, hasa kwenye baridi ya Mbeya na Njombe, huingiza jiko la mkaa ndani na kudai kwamba mkaa uliokolea hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara. Moshi si kipimo. Mkaa mwekundu kabisa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani ni malaria au uchovu wa masomo, kisha hujilaza. Wapo wasioamka tena. Taulo lile la mlangoni hapa linaua, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Mkaa ni wa nje.

Mtungi mdogo wa gesi nao husifiwa kwamba hatari yake ni ndogo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya uvunguni, palepale mtungi unapofichwa, na asilimia 2 hivi ya gesi hewani inatosha kuwaka. Ukisikia harufu yake usiguse swichi. Funga mtungi, fungua madirisha, tokeni.

“Mafuta yakiwaka, mwagia maji.” Hapana! Maji huzama chini ya mafuta yenye joto la nyuzi zaidi ya 300, hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka takribani mara 1,700, yakirusha mafuta yanayowaka hadi kwenye pazia na chandarua. Zima umeme, funika sufuria, uiache hadi ipoe.

Hata wanaosoma sayansi huamini kwamba kiporo kikichemshwa sana, ubaya wote huisha. Kwa wali si kweli. Spora za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili mchemko wa kwanza. Wali ukilala kwenye sufuria katika joto la Dar es Salaam, spora hizo huchipua, bakteria huzaliana na kutoa sumu inayotapisha, nayo haiharibiki hata kwa nyuzi 121. Utaua bakteria, sumu itabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2. Asiye na friji apike cha kuliwa palepale. Kikizidi, amwite jirani wamalize. Maharage mekundu nayo yachemke kwa nguvu hadi yaive, yasiishie kuvimba kwenye maji ya birika, maana yakiwa mabichi yana lektini inayotapisha.

Hoja ya mwisho ni ya wakubwa: “Tumeshapiga marufuku.” Msako hukusanya majiko mwezi huu, mwezi ujao hununuliwa mengine, duni zaidi, yakafichwa mbali zaidi. Karibu kila hatari niliyoitaja huongezwa na siri: mlango uliofungwa, waya chini ya godoro, mtungi uvunguni, na mwanafunzi anayechelewa kuita msaada kwa kuogopa kufukuzwa. Vyuo vijenge jiko la pamoja kila ghorofa, lenye nyaya nene za peke yake, soketi za kutosha, meza ya vigae, blanketi la kuzimia moto na kizimamoto. Na wewe unayepika usiku wa leo, moto ukikushinda, gonga milango ya wenzako, tokeni wote, piga 114 kwa Zimamoto. Usianze kwa kuficha jiko.