Kabla ya kununua sabufa, tuulize amplifaya iko wapi



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini linakula fedha za wananchi wengi hapa Unguja. Nalo ni ununuzi wa spika za kusikilizia muziki nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Makunduchi. Mwaka jana nilidunduliza katika mshahara wangu hadi nikapata shilingi 180,000, nikashuka mjini, nikaingia Darajani na kununua sabufa: boksi moja kubwa, viboksi viwili vidogo, taa za rangi mbele, redio ndani yake na pahala pa kuchomeka flashi. Nilimnunulia bi mkubwa, mama yangu, ambaye tangu nipate akili sijamwona akikubali kukosa taarabu ya redioni. Haikutimiza miezi mitano. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Asubuhi tulipoiwasha, taa hazikuwaka, na chumba kizima kilinuka kitu kilichoungua.

Fundi aliifungua mbele yangu. Akanionyesha ubao mmoja tu wa saketi, na juu ya ubao huo vimepangwa vyote: sehemu ya kupokea umeme, amplifaya ya boksi kubwa, amplifaya ya viboksi, redio na flashi. Akaniambia, "Maalim, kilichokufa hapa ni kimoja, lakini kimekufa na wenzake. Ubao kama huu siupati madukani. Afadhali ununue nyengine." Na spika zenyewe, yaani karatasi, sumaku na koili, zilikuwa nzima kabisa!

Ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza kabla ya kutoa fedha: amplifaya iko wapi?

Umeme wa sauti unaotoka kwenye simu au redio ndogo ni dhaifu mno, hauwezi kusukuma karatasi ya spika ikajaza chumba. Lazima uongezwe nguvu na amplifaya. Tofauti ni mahali ilipowekwa. Spika za kwanza, wanazoziita pasivu, ni boksi kavu: ndani mna koili, sumaku, karatasi na vifaa vichache vya kugawa sauti nyembamba na nzito. Hazina plagi. Zinafungwa kwa waya na amplifaya iliyo nje. Za pili, wanazoziita aktivu, zimebeba amplifaya ndani ya boksi na lazima zichomekwe kwenye umeme. Sabufa yangu ilikuwa chotara: boksi kubwa lilibeba amplifaya ya wote, na vile viboksi viwili vilikuwa vikavu, vikilishwa na kaka yao.

Sitaki kuzionea spika aktivu. Zilizotengenezwa kwa uangalifu huipa kila karatasi amplifaya yake, na sauti hugawanywa kabla ya kuongezwa nguvu, kwa hiyo fundi wa kiwandani amekwisha kuoanisha kila kitu. Ndiyo maana watu wa studio wanazipenda. Tena mnunuzi hana haja ya kujua habari za omu. Nyumbani kwetu wengi wanaharibu amplifaya nzima kwa kuzirundikia spika: spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa omu 4, zikifungwa nne huwa omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi mzigo huo, huungua. (Somo hili nilifundishwa chuo cha ualimu, nikalisahau mpaka liliponigharimu.) Kwa hiyo kijana aliyepanga chumba kimoja mjini, asiye na nafasi wala hamu ya kucheza na nyaya, anunue aktivu, simlaumu.

Lakini sisi wengine tutazame hali ya umeme wetu. Unatoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Mei 2008 njia hiyo iliharibika, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Ikaharibika tena Desemba 2009, tukakaa kiasi cha miezi mitatu. Ni kweli kwamba waya mkubwa wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 umetupunguzia shida hiyo, lakini kukatika kwa dakika tano na kurudi kwa kishindo bado tunakujua, na kishindo ndicho kinachoua ubao wa saketi.

Katika ile miezi mitatu mimi nilikuwa mwanafunzi. Marehemu baba alikuwa na spika mbili kavu za mbao, kila moja nzito kama gunia la nazi, alizokuwa akizifunga kwenye amplifaya ya kaseti. Umeme ulipotoweka, kaka yangu alizitoa huko, akazifunga kwenye redio ya gari na betri ya volti 12 tuliyokuwa tukiichajisha kwa jirani mwenye jenereta. Zikalia. Majirani walikuja kukaa barazani kwetu kusikiliza taarifa ya habari, na ikifika taarabu hakuna aliyeondoka. Spika kavu haiulizi nguvu inatoka wapi. (Siku hizi zipo sabufa zenye tundu la volti 12 kwa ajili ya sola, anayenunua alitafute tundu hilo.)

Basi sabufa ilipokufa nilizitoa spika za baba darini. Sponji ya ukingo wa karatasi ilikuwa imeoza kwa unyevu na hewa ya chumvi, ikimong'onyoka kama mkate mkavu. Fundi alibadilisha ukingo kwa shilingi 25,000, nami nikanunua amplifaya ndogo iliyotumika kwa 70,000. Jumla 95,000. Kati yake na ukuta nimeweka kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme ukirudi. Nayo ikiungua, nitaibeba hiyo tu kwenda kwa fundi.

Bi mkubwa alikaa kitako siku ya kwanza, akasikiliza, akasema, "Leo nasikia anachosema." Kwa sabufa alikuwa akisikia kishindo na mabati yanayotetemeka. Taarabu ni maneno. Mtu anayesikiliza fidla na ganuni, na anayetaka kujua fumbo limemlenga nani, hana kazi na kishindo. Dada yangu anayeishi Mkunazini ana sabufa yake bado. Vyumba vya nyumba zile za mawe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na sauti nzito ikiingia humo huzunguka haitoki. Nilimshauri aliondoe boksi pembeni mwa kuta, maana pembe huongeza uzito wa sauti, na apunguze besi. Jirani wa ng'ambo ya uchochoro alikuja mwenyewe kushukuru.

Jambo la mwisho ni hizi wati za juu ya maboksi. La kwangu liliandikwa mbele wati 12,000. Nyuma, kwa herufi ndogo, liliandikwa volti 230, wati 60. Hata mtoto wa darasa la tano atauliza: chombo kinachovuta wati 60 ukutani kitatoaje 12,000? Naiomba Taasisi ya Viwango Zanzibar iwatake waingizaji waandike mbele ile namba ya nyuma. Na wenye maduka wakubali mteja aje na flashi yake, awekewe wimbo anaoujua, asikie sauti ya mwimbaji kwa sauti ya chini, badala ya kupigiwa ngoma mpaka masikio yazibe.

Ama vile viboksi viwili vya sabufa, nilivipima kwa mita nikavikuta vizima. Nimevifunga kwenye amplifaya ndogo ya volti 12 nikavipeleka skuli. Wanafunzi wangu wa darasa la nne wanavitumia kusikilizia hadithi katika kipindi cha Kiswahili, umeme uwepo usiwepo.

Mwalimu wa Msingi,
Makunduchi, Unguja.