Mwanafunzi wa sheria ajifunze pia kuieleza kwa Kiswahili

Masomo yanapofunguliwa, wanafunzi wapya wa kitivo cha sheria mjini Lubumbashi wanaanza na fundisho la utangulizi wa sheria. Wananunua silabusi, wanafotokopi madaftari ya waliowatangulia, kisha wanakariri. Kati ya maneno ya kwanza wanayoyashika ni haya: hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Yamo katika kifungu cha 62 cha katiba ya tarehe 18 Februari 2006.

Lakini wanaokariri kifungu cha 62 mara nyingi hawafiki kifungu cha 142. Humo katiba inaipa serikali kazi: kuieneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, ndani ya siku 60 tangu ilipotangazwa rasmi. Vifungu hivyo viwili vinapashwa kusomwa pamoja. Raia anadaiwa kujua sheria, na serikali inadaiwa kumfikishia katika lugha anayoisikia. Mtu akizunguka Katuba au Kenya akitafuta nyumba yenye sheria ya ardhi kwa Kiswahili, atachoka kabla ya kuipata.

Pengo hilo ni la serikali kuliziba. Lakini mwanafunzi anaweza kuanza, na wa kwanza kufaidika ni yeye mwenyewe. Anayeshindwa kumweleza mama yake kwa Kiswahili kile alichojifunza asubuhi, bado hajakielewa. Amekikariri tu.

Mfano ni neno lenyewe la Kifaransa, « droit ». Wanafunzi wengi wanasumbuka kwa sababu neno hilo moja lina maana mbili: kanuni zinazoongoza watu wote, na kile ambacho mtu mmoja anaweza kukidai. Mwalimu anatumia saa nzima kuzitenganisha. Kiswahili kimekwisha kuzitenganisha zamani: ya kwanza ni sheria, ya pili ni haki. Mwanafunzi akianzia hapo, somo linakuwa jepesi.

Mambo haya si ya mtihani peke yake. Chukua mfano wa kijana anayetuhumiwa wizi, akakimbia, na mama yake akakamatwa mahali pake. Jirani wanaanza kuchanga pesa za kumtoa, wakidhani ndivyo sheria inavyotaka. Kumbe kifungu cha 17 cha katiba kinasema kosa la jinai ni la mtu binafsi: hakuna anayeweza kukamatwa kwa jambo lililofanywa na mwingine. Kifungu cha 18 kinaongeza kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa, na kwamba kushikiliwa polisi kusipite saa 48. Saa hizo zikiisha aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria inayohusika.

Ni vilevile kwa deni. Mwaka wa kwanza mwanafunzi anafundishwa kutofautisha mambo ya madai na mambo ya jinai. Kushindwa kulipa deni, kama hakuna udanganyifu, ni jambo la madai, na halimpeleki mtu kasho. Na kwa parseli: sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, na haki ya kuitumia inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mkuu wa mtaa haichukui nafasi ya cheti hicho. Familia ngapi zinalijua hilo kabla ya kutoa dola zao?

Wapo watakaosema kwamba mtihani ni kwa Kifaransa, na hukumu zinaandikwa kwa Kifaransa. Ni kweli, na mwanafunzi asiache Kifaransa hata kidogo. Ayashike maneno yake sawasawa, maana kazini atayahitaji. Lakini mteja atakayeingia ofisini mwake kesho atalia kwa Kiswahili, na wakili asiyeweza kumjibu atamwacha gizani vilevile alivyokuja.

Kuna pia hatari ya kweli: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza si wakili. Akianza kuendesha kesi za mtaa mzima atawapoteza watu. Mpaka wake uwe wazi. Aseme kifungu kinasema nini, kisha amwelekeze mwenye shida kwa wakili, au kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya chama cha mawakili ikiwa hana pesa.

Vyuo vikuu vingeweza kusaidia kwa jambo dogo lisilo na gharama kubwa. Kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, kila mwanafunzi achague kifungu kimoja na kukieleza kwa Kiswahili mbele ya watu ambao hawakusoma sheria: kanisani, sokoni, au kwenye redio ya mtaa. Wakielewa, apewe alama zake. Wakikosa kuelewa, arudi kwenye silabusi, kwa sababu hapo kosa si la wasikilizaji.